Maisha ya Bibi Emily Hobhouse, Shahidi wa Makambi

Mtu akiyashuhudia maovu ya adui zake, watu wa kwao humsifu. Lakini akiyashuhudia maovu ya watu wa kwao wenyewe, hupata nini? Mwezi huu twataka kusimulia habari za mwanamke mmoja Mwingereza aliyelijibu swali hilo kwa maisha yake. Jina lake ni Emily Hobhouse. Habari zake zatupasa sisi watu wa Afrika kwa sababu mbili. Kwanza, mambo aliyoyaona yalitendeka katika bara letu. Pili, maelfu ya watu weusi walikufa katika mambo hayo hayo, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyewahesabu.

Emily alizaliwa tarehe 9 Aprili mwaka wa 1860 katika kijiji cha St Ive, katika nchi ya Cornwall, upande wa kusini-magharibi wa Uingereza. Baba yake, Reginald Hobhouse, alikuwa kasisi wa mtaa ule. Mama yake alifariki Emily alipokuwa na miaka 20. Kaka yake Leonard alipelekwa katika chuo cha Oxford, na baadaye akawa mwalimu mashuhuri; lakini Emily alikuwa binti, na desturi ya siku zile ilimtaka akae nyumbani. Basi akakaa na baba yake karibu miaka 15, akimtunza katika ugonjwa wake na kuwazuru wagonjwa na maskini wa mtaa. Hakuna aliyedhani kwamba jina lake lingejulikana mbali na kijiji chake.

Baba yake akafariki mwaka wa 1895. Emily, akiwa karibu na miaka 35, alivuka bahari akaenda Marekani, katika jimbo la Minnesota, ambako watu wengi wa Cornwall walikwenda kuchimba madini. Akafanya kazi ya kuwasaidia wachimbaji wale, hasa kuwaonya katika habari za ulevi. Huko alichumbiwa na mtu mmoja, nao wakakusudia kufanya maskani yao Mexico. Lakini mambo hayakufanikiwa. Fedha alizoziweka katika shamba zilipotea karibu zote, na uchumba ukavunjika. Mwaka wa 1898 akarudi Uingereza, hana mume, hana mali, wala hana kazi maalumu. Watu wengine wangesema ya kuwa maisha yake yamekwisha. Kumbe kazi yake ilikuwa bado mbele.

Katika siku zile palikuwa na jamhuri mbili katika Afrika ya Kusini, Transvaal na Orange Free State, zilizotawaliwa na Makaburu, yaani Wazungu wa asili ya Kiholanzi. Mwaka wa 1886 dhahabu nyingi ilionekana katika Witwatersrand, na tangu hapo serikali ya Kiingereza haikuacha kuitazama nchi ile. Ilidai haki za wageni waliokuja kuchimba dhahabu, ikaongeza askari mipakani, hata Makaburu wakaona ya kuwa vita haviepukiki. Wakatoa masharti yao ya mwisho, na tarehe 11 Oktoba 1899 vita vikaanza. Ni kweli kwamba Makaburu ndio waliotangulia kuvuka mpaka. Lakini Waingereza wengi wenye akili walisema wazi ya kuwa nchi yao kubwa ndiyo iliyowasukuma watu wachache mpaka ukutani, kwa kutaka kuimeza nchi yao. Wala tusisahau ya kuwa ardhi waliyoigombania ilikuwa na wenyeji weusi, ambao hakuna upande uliowauliza neno.

Mwezi wa Juni 1900 majeshi ya Kiingereza yalikuwa yamekwisha kuitwaa miji mikubwa, Bloemfontein, Johannesburg na Pretoria. Watu walidhani vita vimekwisha. Lakini Makaburu hawakuweka silaha chini. Waligawanyika vikosi vidogo vidogo, wakapanda farasi, wakayashambulia magari ya moshi na kutoweka porini. Ndipo majemadari wa Kiingereza, kwanza Roberts na baada yake Kitchener, walipoifuata njia mbaya. Walipokuwa hawawezi kuwashika wanaume, waligeuka juu ya nyumba zao. Askari walikwenda shamba kwa shamba, wakachoma nyumba moto, wakachinja kondoo na ng'ombe, wakateketeza nafaka. Nyumba kama 30,000 zilichomwa. Wanawake, watoto na wazee walipakiwa katika magari ya ng'ombe na mabehewa yaliyo wazi, wakapelekwa makambini, kukaa katika mahema chini ya ulinzi. Serikali iliwaita wakimbizi, lakini wengi wao hawakukimbia. Walitolewa kwa nguvu.

Emily Hobhouse alikuwa mwandishi wa upande wa wanawake katika chama kimoja cha Waingereza waliotaka mapatano na Makaburu. Aliposikia habari za nyumba zinazochomwa, hakuridhika na kufanya mikutano tu. Akaanzisha mfuko wa kuwasaidia wanawake na watoto wa Afrika ya Kusini walioharibiwa na vita, bila kuangalia kabila wala upande. Na kisha akaazimu kwenda mwenyewe, ili fedha zile zifike mikononi mwa wenye shida. Tarehe 27 Desemba 1900 alishuka Cape Town. Alikuwa amesikia habari za kambi moja tu. Alipofika ndipo akaambiwa ya kuwa makambi ni mengi.

Alimwendea Lord Milner, mkuu wa serikali ya Kiingereza katika nchi ile, akaomba ruhusa ya kuyazuru makambi. Milner alikubali, lakini Kitchener, aliyeshika amri ya jeshi, alimruhusu kufika Bloemfontein tu, asipite zaidi kwenda kaskazini. Akasafiri kwa gari la moshi, pamoja na behewa la vyakula na nguo. Tarehe 24 Januari 1901 akaingia katika kambi ya Bloemfontein.

Aliyoyaona pale aliyaandika kwa utaratibu, kama mtu anayejua ya kuwa ataulizwa. Watu karibu 2,000 walikaa katika mahema juu ya uwanda usio na mti wala kivuli. Jua lilipopiga, joto ndani ya hema halikuvumilika. Mvua iliponyesha, maji yalipita chini ya turubai, na watu walilala juu ya nchi yenye maji. Maji ya kunywa yalikuwa machache, nayo yalitoka katika mto mchafu, na kuni za kuyachemshia hazikutosha. Sabuni haikutolewa; alipoiomba akajibiwa ya kuwa ni kitu cha anasa. Posho ilikuwa ndogo, tena katika siku za mwanzo wale ambao waume zao walikuwa bado vitani walipewa pungufu kuliko wengine, ili waume wao walegee mioyo. Fikiri neno hilo, ndugu msomaji: chakula cha mtoto kilipunguzwa ili kumpiga baba yake aliye mbali.

Katika mahema hayo surua, homa ya matumbo na kuhara vilienea kama moto katika majani makavu. Miongoni mwa watoto aliowaona alikuwamo msichana mdogo, Lizzie van Zyl, aliyekonda hata mifupa yake ikahesabika. Naye alikufa mwaka ule ule. Emily aliomba maji safi, kuni, sabuni, vitanda na wauguzi. Kwa mkono wake alipeleka nguo na chakula hema kwa hema. Kisha akaenda makambi mengine, kama vile Norvalspont, Aliwal North, Springfontein, Kimberley na Mafeking. Aliona ya kuwa makambi hayakufanana. Mahali ambapo msimamizi alikuwa mtu mwenye bidii na huruma, watu walipata nafuu, naye aliwataja wasimamizi wa namna hiyo kwa sifa. Hakutaka kuongeza chumvi katika ushuhuda wake.

Jambo moja halikumtoka moyoni mpaka kufa kwake. Katika Springfontein alikuta watu wengi wametupwa kando ya njia ya gari la moshi, hawana nafasi katika kambi. Chini ya kivuli kidogo mwanamke mmoja aliketi juu ya sanduku lake, na mtoto wake akifa juu ya magoti yake. Hapakuwa na dawa wala kitu cha kumpa. Mama yule hakulia wala hakusema neno; alitazama mbele tu, hata mtoto akakata roho.

Aliporudi Bloemfontein aliona ya kuwa idadi ya watu imekaribia kuwa maradufu, na kazi yote aliyoifanya imezidiwa. Sabuni na nguo zake hazingeweza kushindana na amri ya jemadari. Akatambua ya kuwa maovu hayo yaliagizwa kutoka juu, na lazima yaondolewe kutoka juu. Basi mwezi wa Mei 1901 akapanda merikebu kurudi Uingereza.

Mwezi wa Juni taarifa yake ilichapishwa, nayo ikawafikia watu wa Bunge. Alikwenda kwa waziri wa vita akamweleza. Waziri akamsikiliza kwa adabu, lakini hakuahidi mengi. Kisha akazungumza na Sir Henry Campbell-Bannerman, mkuu wa chama cha upinzani. Mzee huyo alisikiliza kwa muda mrefu, akashtuka sana. Na baadaye akasimama mbele ya watu, akatamka ya kuwa namna hii ya kupigana ni ya kishenzi. Neno hilo likatetemesha nchi nzima. Katika Bunge David Lloyd George naye aliishtaki serikali kwa ukali.

Lakini Emily mwenyewe alilipwa chuki. Magazeti yalimwita msaliti na mpenda adui. Wengine walisema ana wazimu. Kumbi nyingi alimotaka kusema zilifungwa mbele yake, na rafiki za siku nyingi wakamgeuzia kisogo. Walimwambia ya kuwa askari wetu wanakufa vitani, naye anawahurumia watoto wa adui. Yeye alijua ya kuwa mtoto hana vita. Tena aliamini ya kuwa kuipenda nchi yako ni pamoja na kuizuia isijitie unajisi. Maana kama angalichukia Uingereza, angalinyamaza, aiache ijiharibu.

Serikali, ikiona watu wamechafuka, ikaweka tume ya wanawake chini ya Bibi Millicent Fawcett kwenda kuyachunguza makambi. Emily hakutiwa katika tume hiyo, ingawa ndiye aliyeijua habari. Wanawake hao hawakuwa rafiki wa Makaburu. Wengi waliviunga mkono vita. Hata hivyo, walipofika na kuona kwa macho yao, taarifa yao iliyathibitisha mambo makubwa aliyoyasema Emily, nao wakataka maji, chakula, kuni na wauguzi viongezwe upesi. Katika mwezi wa Oktoba 1901 vifo katika makambi ya Wazungu vilifika kipimo cha watu 344 katika kila 1,000 kwa mwaka. Mambo yalipotengenezwa, vikapungua, na kufika Februari 1902 vilikuwa 69 katika kila 1,000. Kwa hiyo twaona ya kuwa vifo vile havikuwa ajali isiyozuilika. Maji safi na chakula vilivizuia mara vilipotolewa.

Mwezi ule ule wa Oktoba 1901 Emily alisafiri tena kwenda Afrika ya Kusini. Merikebu ilipotia nanga Cape Town, alikatazwa kushuka. Alikuwa mgonjwa, akaomba apumzike, hawakukubali. Baada ya siku chache akaamriwa kuhamia merikebu nyingine irudiyo Uingereza. Alipokataa kwenda kwa miguu yake, askari walimbeba kwa nguvu, amezungushiwa shali yake. Alikaa miezi iliyofuata akiandika kitabu cha ushuhuda wa wanawake wa makambini, kilichotoka mwaka wa 1902. Tarehe 31 Mei mwaka huo amani ilitiwa sahihi.

Hesabu ilipofanywa, ilionekana ya kuwa katika makambi ya Wazungu walikufa watu karibu 28,000, na katika hao zaidi ya 22,000 walikuwa watoto wasiofika miaka 16. Idadi hiyo yapita mbali idadi ya Makaburu waliokufa wakipigana.

Hapa, ndugu zangu, yatupasa kusimama kidogo. Maana palikuwa na makambi mengine. Waafrika waliokaa katika mashamba ya Makaburu na katika vijiji vya karibu nao pia walitolewa, makao yao yakachomwa, mifugo yao ikachukuliwa. Wakawekwa katika makambi yao wenyewe kando ya njia za gari la moshi. Mwisho wa vita walikuwamo watu zaidi ya 115,000. Wanaume walitumwa kulifanyia jeshi kazi. Wanawake na watoto walilima, na wengi walitakiwa kujinunulia chakula chao. Vifo vilivyoandikwa ni 14,154, na wachunguzi wa siku hizi waamini ya kuwa vyapita 20,000, kwa kuwa vingi havikuandikwa kabisa. Walio wengi katika hao pia walikuwa watoto.

Emily Hobhouse aliyagusa mambo yao katika taarifa yake. Alisema ya kuwa karibu na Bloemfontein iko kambi ya watu weusi yenye ugonjwa na shida, akaomba wengine waiangalie. Lakini yeye mwenyewe hakuyachunguza makambi hayo, na tume ya Bibi Fawcett nayo ikayapita. Hatupendi kuficha jambo hili kwa sababu ya kumsifu. Alikuwa na nguvu za mtu mmoja, na fedha chache. Lakini pia alikuwa mtu wa siku zake, naye aliwatazama kwanza wale waliofanana naye. Mtu mwema naye aweza kukipita kilio kilicho karibu.

Hata hivyo hakukaa hapo. Baada ya vita alirudi, akaanzisha shule za kusokota na kufuma sufu, ya kwanza katika Philippolis mwaka wa 1905, ili binti za wale walioharibiwa wapate kazi. Afya yake ilipovunjika akaondoka mwaka wa 1908. Tarehe 16 Desemba 1913 Makaburu walizindua mnara wa ukumbusho wa wanawake na watoto katika Bloemfontein, wenye sanamu ya mama na mtoto anayekufa, kama alivyowaona Springfontein. Walimwita Emily auzindue. Alisafiri, lakini ugonjwa ukamshika njiani huko Beaufort West. Hotuba yake ikasomwa na mtu mwingine. Katika hotuba hiyo aliwakumbusha Makaburu, waliokuwa sasa wamepata madaraka, ya kuwa watu weusi pia waliteseka na kufa katika makambi, na ya kuwa uhuru wanaoutaka kwa ajili yao wenyewe wasiwanyime wengine. Ndivyo alivyorudi kuwataja wale aliowapita.

Wengi hawakumsikia. Mwaka huo huo wa 1913 sheria ya ardhi iliwanyima Waafrika haki ya kununua ardhi katika sehemu iliyo kubwa sana ya nchi yao. Miaka ilipopita, hotuba ile ilichapishwa tena, na maneno yaliyowahusu watu weusi yakaachwa. Tangu mwaka wa 1948 mpaka 1994 wale waliolia kwa ajili ya watoto wao waliokufa makambini, na wana wao baada yao, walishika serikali ya ubaguzi, wakawatoa watu weusi katika nyumba zao kwa nguvu. Walikumbuka maumivu yao, lakini hawakujifunza.

Katika vita vikuu vya mwaka wa 1914 Emily alivipinga tena waziwazi, na mwaka wa 1916 alithubutu kufika Ubelgiji na Ujerumani kutafuta njia ya amani. Kwa hiyo akaitwa tena msaliti. Vita vilipokwisha alitafuta fedha, akawalisha maelfu ya watoto wenye njaa katika mji wa Leipzig, mji ambao Walutheri wa Kilimanjaro, Meru na Upare walijua jina lake tangu zamani kwa ajili ya misioni yake. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa wale wale wanawake wa Afrika ya Kusini aliowasaidia zamani. Watoto wa Wajerumani walikuwa watoto wa adui, na mara hii pia hakuuliza habari za upande.

Alifariki katika London tarehe 8 Juni 1926, na katika nchi yake kifo chake hakikutajwa sana. Lakini majivu yake yalipelekwa Bloemfontein, yakawekwa chini ya mnara ule kwa heshima kubwa, mbele ya umati wa watu.

Mwaka wa 1949 mataifa yalipatana katika Geneva juu ya sheria ya kuwalinda raia wakati wa vita. Sheria hiyo ni njema, lakini haina macho wala miguu. Inahitaji watu waendao, watazamao, waandikao na kusema, hata kama wanaoshtakiwa ni watu wa nyumba yao. Nasi tulio walimu wa vijiji na wazee wa mitaa twaweza kuanza hapa petu. Wakati wa magomvi ya mipaka na mifugo, nyumba za watu wasiokosa zikichomwa na vijana wetu, yatupasa kulisema jambo hilo mbele ya vijana wetu. Tena tunapowahesabu waliopatwa na msiba, tuhesabu na wale wa ng'ambo ya mto. Bibi Hobhouse alichelewa kuwahesabu wote, naye alikuwa amefungua macho kuliko wengi wa wakati wake. Sisi na tusichelewe.